Frassati: Mtoto wa mdosi aliyegawa hadi nauli yake

JUMATATU ya Julai 6, 1925, familia moja tajiri ya jiji la Turin, kaskazini mwa Italia, ilitoka nyumbani kwenda kumzika kijana wake wa miaka 24. Ilitarajia waombolezaji wa tabaka lake: wanasiasa, wahariri wa magazeti, wenye viwanda na wake zao. Hao walifika. Lakini nje ya nyumba, barabarani na mlangoni mwa kanisa kulikuwa na umati mwingine ambao familia haikuujua hata kidogo. Wajane, wafanyakazi wa viwandani, vipofu, wazee wa mitaa ya mabanda na kina mama waliobeba watoto. Walikuwa wakilia kama waliofiwa na mtoto wao wenyewe.

Baba mtu alishangaa. Mama mtu alishangaa. Na maskini wenyewe walishangaa pia, kwa sababu wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba yule kijana aliyekuwa akipanda ngazi zao na vifurushi mkononi alikuwa mtoto wa mmoja wa watu wenye nguvu zaidi mjini.

Jina lake lilikuwa Pier Giorgio Frassati. Miaka 100 baadaye, Septemba 7, 2025, Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu kule Roma, siku moja na Carlo Acutis, yule kijana wa kompyuta ambaye picha zake zimejaa mitandaoni. Acutis anajulikana sana na vijana wa leo. Huyu Frassati wengi humwona tu kwenye picha: jamaa mrefu, mwenye misuli, kiko mdomoni, amesimama kwenye mwamba huku akitabasamu. Hakuwa padri. Hakuwa mtawa. Alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyesumbuliwa na mitihani, aliyependa kupiga stori na kucheka kwa sauti, na ambaye aliwahi kumpenda msichana asiweze kumwambia.

Sasa mtu huishi vipi chini ya paa moja na wazazi wake miaka 24 nao wasijue anachofanya kila siku?

Nyumba yenye kila kitu

Pier Giorgio alizaliwa Aprili 6, 1901, siku ya Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka. Baba yake, Alfredo Frassati, ndiye aliyelijenga gazeti la La Stampa, mojawapo ya magazeti makubwa ya Italia hadi leo. Mwaka wa 1913 mzee huyo aliteuliwa kuwa seneta, na mwaka wa 1920 akapelekwa Berlin kuwa balozi wa Italia nchini Ujerumani. Mama yake, Adelaide Ametis, alikuwa mchoraji. Ndugu yake wa pekee alikuwa Luciana, aliyemfuata kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na ambaye alikuwa rafiki yake mkubwa.

Kwa macho ya nje, hapo hapakosi kitu. Kuna jumba mjini Turin, kuna nyumba ya mapumziko kijijini Pollone karibu na milima, kuna watumishi na kuna jina. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Wazazi hawa wawili walikuwa wameishiwa na mapenzi, na miaka ilivyozidi kwenda ndivyo ndoa yao ilivyozidi kupasuka. Baba hakuwa mtu wa dini. Mama alikwenda kanisani, lakini kwake dini ilikuwa heshima na desturi zaidi ya kitu cha kumpotezea mtu usingizi.

Sheria za nyumba zilikuwa kali. Chakula kilikuwa na saa yake, na aliyechelewa alijieleza. Pesa za mfukoni zilitolewa kwa kipimo. Wazazi walitaka watoto wao wajue thamani ya pesa, kwa hiyo huyu mtoto wa mdosi hakuwa na noti za kuchezea kama marafiki zake walivyodhani.

Shuleni naye hakung'aa. Mwaka wa 1913 alianguka mtihani wa Kilatini, jambo lililokuwa aibu kubwa kwa familia kama hiyo, akapelekwa katika shule ya Wajesuiti. Kile kilichoonekana kuwa adhabu ndicho kilichompa njia. Kwa Wajesuiti alianza kupokea Komunyo kila siku. Wakati huo hili lilikuwa jambo jipya hata kwa Wakatoliki, kwani ni mwaka wa 1905 tu ambapo Papa Pius X alikuwa amewahimiza waumini kupokea mara kwa mara. Mama yake hakufurahia. Aliogopa kijana atakuwa mtu wa kukaa kanisani asubuhi hadi jioni. Mwishowe alikubali, na tangu hapo Pier Giorgio akawa anaamka mapema, anakwenda Misa, kisha anarudi kuishi siku yake kama wengine.

Imani yake ilianzia kwenye saa ya kuamka. Hakukuwa na maono wala sauti kutoka mbinguni, kwa kadiri tunavyojua. Kulikuwa na kijana mwenye usingizi anayetoka kitandani wakati wenzake bado wamelala.

Nauli ya tramu

Mwaka wa 1918, akiwa na miaka 17, alifanya mambo mawili yaliyoamua maisha yake. La kwanza, alijiunga na chuo kikuu cha ufundi cha Turin kusomea uhandisi wa migodi. Hakuchagua migodi kwa ajili ya pesa. Aliona kwamba wachimba migodi walikuwa kati ya wafanyakazi walioteseka zaidi, akataka kuwa karibu nao. Baadaye, alipokuwa akiwatembelea wazazi wake Ujerumani, aliwaza kuhusu upadri, kisha akaamua kwamba kama mlei angeweza kufika mahali ambapo kanzu ya padri isingefika kwa urahisi.

La pili, alijiunga na Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, lile lile ambalo liko katika parokia nyingi za Kenya leo. Shirika hilo lilianzishwa mjini Paris mwaka wa 1833 na wanafunzi wa chuo wakiongozwa na Frédéric Ozanam, aliyekuwa na miaka 20 tu. Kanuni yake ni rahisi lakini ngumu: hutumi msaada, unaupeleka mwenyewe. Unabisha hodi, unaingia, unaketi, unajua jina la mwenye nyumba na majina ya watoto wake.

Turin ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha na kuacha wajane, askari waliorudi bila kazi, bei zilizopanda na migomo. Pier Giorgio alianza kuzunguka katika vyumba vya chini na vya juu kabisa, vile vya kodi ndogo, akibeba mkate, nguo, viatu na dawa. Aliwatafutia watu kazi. Alilipa kodi za watu. Alikaa na wagonjwa ambao wengine waliogopa kuwagusa.

Pesa zilitoka wapi? Kwenye mfuko wake mdogo. Alitoa pesa za matumizi, na zikiisha alitoa nauli ya tramu. Kwa kuwa chakula cha nyumbani kilikuwa na saa yake, ilimbidi akimbie njia nzima ili asichelewe. Mara nyingine alichelewa, akafokewa, naye akanyamaza. Kwa wazazi wake alionekana kijana mzembe asiyejua saa, na hawakujua kwamba hana hata senti ya tramu.

Katika treni alipanda daraja la tatu, lile la watu wa kawaida, wakati mtoto wa seneta angeweza kukaa la kwanza. Siku moja ya baridi kali kule Ujerumani alimvulia maskini koti lake na kurudi nyumbani bila koti. Balozi hakufurahi. Kwake hayo yalikuwa makoti ya kununuliwa kwa pesa, na kijana alikuwa akiyagawa kama peremende. Pia inasimuliwa kwamba baba yake alimpa hiari achague gari au pesa taslimu. Alichukua pesa, na tunaweza kukisia zilikwenda wapi.

Tusimpambe sana. Kutoa kwake hakukuwa rahisi kama hadithi zinavyopenda kuonyesha. Alitoa huku akidaiwa majibu nyumbani, huku masomo yakimlemea. Digrii ambayo ilipasa kumchukua miaka michache ilimkokota kuanzia 1918 hadi 1925, na alipofariki alikuwa amebakisha mitihani miwili. Alisoma kwa kujilazimisha, akijifungia chumbani hadi usiku. Kuna waliomwona kama mtu asiye na akili nyingi, na hao walikuwa pia watu wa nyumbani kwake.

Hakuogopa ngumi

Kuna dhana kwamba kijana wa kanisa ni lazima awe mnyonge, wa kuinamisha kichwa na kukaa mbali na siasa. Frassati hangekubaliana nayo.

Mwaka wa 1920 alijiunga na Partito Popolare, chama kilichoanzishwa mwaka uliotangulia na padri Luigi Sturzo, ambacho kilitaka haki za wafanyakazi na wakulima kwa misingi ya mafundisho ya jamii ya Kanisa. Kwa Pier Giorgio, kumpelekea mtu mkate na kumpigania apate mshahara wa haki vilikwenda pamoja. Sadaka ilisaidia leo, lakini sheria mbaya ingemrudisha mtu huyo pale pale kesho.

Mwaka wa 1921 vijana Wakatoliki walikusanyika Roma kwa maelfu. Polisi wakaingilia maandamano yao na kuanza kunyakua bendera. Pier Giorgio alishikilia bendera ya chama chake cha wanafunzi kwa nguvu zote, akakamatwa pamoja na wenzake. Kituoni askari walipogundua ni mtoto wa balozi Frassati, walibadilika mara moja, wakawa tayari kumwachilia. Alikataa kutoka peke yake. Ama watoke wote, ama abaki nao.

Oktoba 1922 Mussolini na wafuasi wake wa kifashisti walichukua serikali. Alfredo Frassati aliacha ubalozi kwa kumpinga, na hapo baba na mwana, ambao hawakuelewana kwa mengi, walisimama upande mmoja. Lakini Pier Giorgio aliumizwa zaidi na Wakatoliki wenzake walioanza kujipendekeza kwa utawala mpya. Mwaka wa 1923 Mussolini alipozuru Turin, chama chake cha wanafunzi Wakatoliki kilitundika bendera kumpa heshima. Pier Giorgio alijiuzulu. Hakuwa tayari kumpigia makofi mtu ambaye vijana wake walikuwa wakiwapiga mapadri na wafanyakazi.

Juni 1924 ubaya huo ulifika mlangoni kwake. Kundi la vijana wa kifashisti lilivamia nyumba yao mchana, yeye na mama yake wakiwa mezani, likaanza kuvunja vitu. Pier Giorgio aliinuka, akakabiliana nao kwa mikono mitupu, akawafukuza hadi nje. Kisha, kwa maelezo ya waliokuwepo, akarudi kula.

Mbogi ya milimani

Kama ungemwuliza mmoja wa mabeshte zake Frassati alikuwa mtu wa aina gani, hangekutajia kwanza rozari. Angekutajia kicheko chake. Angekwambia jinsi alivyoimba kwa sauti kubwa bila kufuata sauti ya wimbo, jinsi alivyovuta kiko, na jinsi alivyocheza biliadi kwa masharti ya ajabu: akishindwa analipa, akishinda aliyeshindwa anakwenda naye kanisani kuabudu Ekaristi.

Milima ya Alps iko karibu na Turin, na kila alipopata nafasi aliingia treni na mbogi yake, kamba na viatu vya kupandia begani. Alikuwa mpandaji halisi, mwanachama wa klabu ya wapanda milima ya Italia, na pia aliteleza kwenye theluji. Kabla ya safari za Jumapili alihakikisha Misa imepata saa yake, hata kama ilimaanisha kuondoka usiku wa manane.

Mei 1924 yeye na marafiki waliunda chama kidogo wakakiita Tipi Loschi, jina la Kiitaliano lenye maana ya watu wa kushukiwa. Kilikuwa na wavulana na wasichana, kila mmoja na lakabu yake. Pier Giorgio alijiita Robespierre, kama yule mkuu wa Mapinduzi ya Ufaransa aliyewapeleka wengi kukatwa vichwa. Waliandikiana barua za utani zenye vyeo vya uongo na amri za uongo. Chini ya mzaha huo kulikuwa na makubaliano ya kweli, kwamba kila mmoja angemwombea mwenzake popote watakapokuwa, hata watakapotawanyika na kazi na ndoa.

Alikuwa amejiunga pia na Utawa wa Tatu wa Wadominiko mwaka wa 1922, ule wa walei wanaoishi roho ya shirika wakiwa katika kazi na nyumba zao. Rozari ilikuwa mfukoni, pamoja na tumbaku. Usiku mwingine alikesha kanisani akiabudu, akarudi nyumbani alfajiri. Kwake hayo yote yalikuwa maisha mamoja. Hakuwa na Pier Giorgio wa kanisani na mwingine wa mtaani.

Mapenzi aliyoyameza

Katika kundi hilo la marafiki kulikuwa na msichana aliyempenda. Alikuwa yatima, mtu wa imani, wa tabia njema, lakini si wa tabaka la akina Frassati. Pier Giorgio alijua wazazi wake wasingemkubali. Alijua pia jambo zito zaidi: nyumbani baba na mama walikuwa ukingoni mwa kutengana, na vita vipya juu ya mchumba wake vingeweza kuimaliza ndoa hiyo.

Alimweleza Luciana. Alimweleza rafiki wa karibu kwa barua. Msichana mwenyewe hakumwambia kamwe. Aliona hawezi kujenga nyumba yake kwa kubomoa ya wazazi wake, akaliacha.

Hapa vijana wengi wa leo watamkatalia, na si ajabu. Je, hakupaswa kupigania moyo wake? Kwa nini mtoto abebe ndoa ya wazazi mgongoni? Maswali hayo ni ya haki, na barua zake zinaonyesha uamuzi huo ulimuuma sana. Hakujifanya malaika asiye na hisia. Alichofanya ni kuumia bila kuwaumiza wengine, huku akiendelea kucheka na mbogi yake, yule msichana akiwemo.

Januari 1925 Luciana aliolewa na mwanadiplomasia wa Poland akaondoka Italia. Pier Giorgio alibaki peke yake katika jumba lile kubwa, katikati ya watu wawili wasiozungumza. Miezi michache baadaye likaja pigo lingine. Baba yake alitaka aingie katika usimamizi wa gazeti la La Stampa baada ya kumaliza chuo. Mzee hakumwambia mwenyewe, alimtuma mfanyakazi wa gazeti. Ndoto ya kuishi kati ya wachimba migodi ikafa siku hiyo. Kijana aliuliza kama hilo lingemfurahisha baba yake, akaambiwa ndiyo, akakubali.

Siku tano

Juni 7, 1925, alipanda mlima kwa mara ya mwisho katika bonde la Lanzo. Mmoja wa wenzake alimpiga picha akiwa amekwea ukuta wa mwamba, uso umeelekezwa kileleni. Kwenye picha hiyo yeye mwenyewe aliandika maneno mawili ya kuhimiza kwenda juu, ambayo leo yamechapishwa kwenye fulana za vijana Wakatoliki dunia nzima.

Mwisho wa mwezi huo, Juni 30, alianza kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula. Hakuna aliyemjali sana, kwa sababu katika chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo bibi yake mzaa mama alikuwa akikata roho. Wakubwa wote walikuwa wamemzunguka mgonjwa huyo mmoja. Kijana mwenye afya, mpanda milima, anaumwa kichwa? Itapita.

Bibi alifariki. Pier Giorgio alijaribu kuinuka kwenda kumwombea, akaanguka. Alijaribu tena, akaanguka. Bado hakupiga kelele. Mama yake, akiwa amechoka na msiba, alimlaumu kwamba hayupo anapohitajika, kila mara lazima apatikane na jambo lake.

Daktari alipomchunguza sawasawa, miguu ilikuwa imekwisha kupooza. Ilikuwa polio, ya aina inayopanda haraka. Inaaminika aliipata katika vyumba vya wagonjwa aliowatembelea. Siku hizo hakukuwa na chanjo. Ya kwanza ingepatikana miaka 30 baadaye.

Ijumaa ya Julai 3, siku ambayo kwa kawaida ilikuwa ya kuwatembelea maskini, mkono wake ulikuwa ukipooza. Alimwomba Luciana, aliyekuwa amerudi, amletee vitu kutoka kwenye koti lake. Kulikuwa na sindano za mgonjwa mmoja maskini, na risiti ya rehani ya mtu mwingine aliyehofia kupoteza kitu chake. Kwa mwandiko uliokuwa ukiyumba kama wa mtoto anayejifunza, aliandika maagizo kwa mwenzake wa shirika: sindano zimfikie mwenyewe, na rehani iongezwe muda, gharama juu yake. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho inayojulikana. Alfredo Frassati na mkewe walikuwa nyumba hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza walianza kuona mtoto wao alikuwa nani.

Alifariki jioni ya Jumamosi, Julai 4, 1925.

Waliobaki

Maskini wa Turin ndio waliokuwa wa kwanza kutaka atambuliwe kuwa mtakatifu. Mwaka wa 1932 uchunguzi rasmi ulianza. Kisha ukasimama kwa miaka mingi, kwani kulikuwa na uvumi kuhusu zile safari za milimani za wavulana na wasichana pamoja. Luciana alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya barua na ushuhuda wa waliomjua, hadi uvumi huo ukakosa miguu. Aliishi hadi 2007, akiwa na umri wa miaka 105. Alikuwepo Mei 20, 1990, Papa John Paul II alipomtangaza kaka yake kuwa mwenyeheri.

Wazazi hawakutengana. Alfredo alilazimishwa na utawala wa Mussolini kuliachilia gazeti lake, akaishi hadi 1961. Mtu huyo aliyekuwa haamini alirudi kwenye imani kabla ya kufa. Wanaomfahamu wanasema alifuata njia iliyofunguliwa na umati ule wa mazishini.

Ni rahisi kumgeuza Frassati kuwa sanamu nyingine ya kuwekewa maua. Ingekuwa hasara, kwa sababu vitu alivyotumia kuishi imani yake ni vya kila kijana wa mjini: saa ya kuamka, nauli, simulizi na marafiki, mtihani usiopenda kuisha, mzazi asiyekuelewa, mpenzi usiyeweza kumpata, kura yako na msimamo wako wakati wenzako wanapiga makofi. Hakungoja apate kazi nzuri kwanza ndipo aanze kusaidia. Hakungoja nyumbani kwao kutulie ndipo aanze kusali. Alianza na senti za tramu, katika nyumba iliyojaa kimya cha watu waliogombana.

Na hakupiga picha hata moja akimkabidhi mtu mkate. Tunajua aliyoyafanya kwa sababu waliopokea walikuja wenyewe kumsindikiza.